Namna ya kutubu bila kungoja tarehe ya mwisho wa dunia

Mvua ikichelewa Dodoma, au vita ikizuka Mashariki ya Kati, hakosekani mhubiri wa kutaja mwaka wa mwisho wa dunia. Watu hujaa kwenye mkesha, hulia, na mwaka ukipita hurudi kule kule walikokuwa. Toba iliyojengwa juu ya tarehe hufa na tarehe yake. Wafuasi wa mhubiri William Miller kule Marekani waliingoja tarehe 22 Oktoba 1844, wengine wakiacha mazao bila kuvunwa, na siku ikapita. Mathayo 24:36 iko wazi: siku ile na saa ile anaijua Baba peke yake.

Kuhusu mpangilio wa matukio, makanisa yanatofautiana. Wapentekoste wengi hufundisha unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa kwenda kumlaki Kristo, kabla ya dhiki kuu, yaani kipindi cha mateso makali duniani. Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri kwa kawaida hawaihesabu kwa kalenda miaka elfu ya utawala wa Kristo inayotajwa katika Ufunuo 20. Wote lakini wanakiri kwamba Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Hilo linatosha kukuanzisha leo.

Tafuta saa mbili za utulivu, daftari na kalamu. Soma Zaburi 51, kisha Kutoka 20 polepole, amri moja moja, ukisimama kwenye kila amri mpaka ukumbuke. Chora safu nne: nani, nini, kiasi gani, nitarekebishaje. Wengi hukwama hapa kwa kuandika maneno mapana. "Nimekuwa mwongo" haikupeleki popote. Andika: "Nilimwambia mjomba kiwanja kina hati, nikijua hakina." Dhambi isiyo na jina la mtu wala kiasi ni vigumu kuitengeneza.

Ukimaliza, piga magoti uitaje orodha hiyo mstari kwa mstari mbele za Mungu, ukiishika ahadi ya 1 Yohana 1:9. Mkatoliki apeleke dhambi zake kubwa kwa padre, kwa aina na idadi. Siri ya maungamo inamlinda. Wengine wamtafute mchungaji au mzee wa kanisa anayejulikana kwa kufunga mdomo.

Sasa inakuja sehemu inayokimbiwa: kurudisha. Hesabu 5:6-7 inataka mkosaji aungame, arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Kama ulimdhulumu mtu shilingi 250,000, ongeza 50,000, umpe 300,000. Zakayo aliahidi mara nne (Luka 19:8). Hakuna anayekulazimisha kufika huko, ila kurudisha pungufu kwa makusudi ni kuendeleza wizi ule ule. Huna fedha? Mwambie mhusika ukweli, mpangie awamu na tarehe, kwa mfano baada ya kuuza zabibu au alizeti, na mwandikiane.

Mfanyabiashara wa nafaka aliyewanunulia wakulima kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kule Kibaigwa akalipa bei ya gunia la kawaida, akadirie ziada aliyochukua kwa msimu. Anaowakumbuka awalipe wenyewe. Asiowajua, kiasi chao akitoe kwa wahitaji, bila kutangazwa jina ibadani.

Mpaka wa shamba unahitaji uangalifu zaidi. Kumbukumbu la Torati 27:17 inamlaani anayeuondoa. Kama uling'oa minyaa, mimea ya kuonyesha mpaka, ukaipanda ndani ya shamba la jirani, mwite mwenye shamba, mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili wanaoukumbuka mpaka wa zamani. Rudisheni mbele ya macho ya wote, muandike na kutia sahihi, kisha ulipe thamani ya mtama uliovuna kwenye kipande hicho. Kiwanja kilichopimwa ni habari nyingine: bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa na mpima, usiiguse, mwite mpima ardhi.

Maneno ya kuomba msamaha yawe machache. "Mama, nilisogeza mpaka wako hatua tatu. Nimekuja kuurudisha. Naomba unisamehe." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini na ninyi mlinikosea", umeshafungua kesi mpya. Asipokusamehe siku hiyo, usimshikie Biblia; wewe timiza malipo yako, kama Warumi 12:18 inavyoelekeza.

Yako mambo yanayoharibu toba njema. Kuungama uzinzi kwenye kipaza sauti na kumtaja mwenzako ni kuvunja ndoa ya pili juu ya ya kwanza. Aliyemdhuru mtoto au kumpiga mtu asifichwe nyuma ya sala. Anapaswa kujisalimisha polisi, na aliyeumizwa asishinikizwe kukutana naye. Anayekuuzia msamaha kwa sadaka au mafuta, mwache. Na usiuze shamba, usimtoe mtoto shule wala kuacha dawa za hospitali kwa sababu umeambiwa mwisho u karibu. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike, waliohangaishwa na habari hizo hizo, wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe (2 Wathesalonike 3:12).

Rudia kazi hii kabla ya kila Meza ya Bwana, maana 1 Wakorintho 11:28 inataka mtu ajihoji kwanza. Mstari uliokamilika ukate. Ukurasa ukiisha, uchome, usije ukaokotwa na watoto ukawa habari ya mtaa. Jina ambalo hujalimaliza lihamishie ukurasa mpya, na pembeni uandike siku utakayokwenda.