Somo: Thamostati ya 1JZ na 2JZ, na kwa nini kuitoa hulifanya gari lichemshe zaidi

Thamostati ni mlango mdogo unaofunguka kwa joto na kuruhusu maji ya rejeta yaingie kwenye injini. Gari likichemsha, neno la kwanza gereji ni "toa thamostati, acha maji yapite." Kwenye injini za 1JZ na 2JZ za Toyota, hasa zilizoongezewa presha ya turbo, ushauri huo unaweza kuunguza gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku).

Ishike thamostati mkononi utaona ina milango miwili. Kisahani kikubwa hufungua njia ya maji yanayotoka kwenye rejeta. Chini yake, kwenye ncha, kuna kisahani kidogo chenye springi yake. Nta iliyo ndani ikipata moto hutanuka: kikubwa kinafunguka, kidogo kinasogea kuziba tundu la baipasi, yaani njia ya mkato inayorudisha maji pampu bila kupita rejeta. Kwenye injini hizi thamostati imekaa kwenye mpira wa chini (bomba la mpira linalotoka chini ya rejeta), maji yanapoingia pampu. Ukiitoa, tundu la baipasi linabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji hutoka kwenye hedi yakiwa moto na kurudi pampu bila kuonja rejeta. Ile hadithi kwamba maji yanakwenda mbio hayapati muda wa kupoa, isahau. Maji yanayokwenda kasi hubeba joto zaidi. Tatizo ni yale yasiyofika rejeta kabisa.

Hatua

1. Injini ikiwa baridi kabisa, mwaga maji kwenye beseni na upime lita zilizotoka. Andika hesabu hiyo, utaihitaji.

2. Fungua mfuniko wa thamostati kwa spana ya 10. Chungulia ndani utafute kikalio cha baipasi, yaani ukingo wa tundu ambapo kisahani kidogo hukaa, kikwangue kutu hadi kiwe laini.

3. Ipime thamostati kabla ya kuifunga, hata kama ni mpya. Ining'inize kwa waya kwenye sufuria ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Ya 82°C inapaswa kuanza kufunguka kati ya 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Walio Nairobi wakumbuke kwamba huko maji huchemka kwenye 94 hivi, kwa hiyo sufuria isiyo na mfuniko wa presha haitafika 95. Usiitupe kwa kukosa nusu milimita.

4. Hapa ndipo wengi huteleza. Thamostati ya bei rahisi inaweza kuwa na kipenyo sawa lakini mguu mfupi. Inaingia vizuri, ila kisahani kidogo hakifiki kwenye kikalio. Iopoe ikiwa moto, pima kwa venia (kipimo cha milimita chenye taya) kutoka ukingoni hadi kisahani kidogo, kisha linganisha na kina cha kikalio. Kipimo cha thamostati kizidi kidogo, ili springi ibanwe.

5. Vesha thamostati pete yake mpya ya mpira ukingoni, bila silikoni. Kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wa thamostati kielekee juu, hewa ipitie hapo. Kaza kwa Nm 9. Boliti hizi ni ndogo, hukatika.

6. Inua pua ya gari, weka heta kwenye moto, jaza polepole kulanti nusu na maji ya distili nusu, ukiminyaminya mipira. Washa bila kukanyaga mafuta hadi mpira wa chini upate moto na feni ifanye kazi. Ikipoa, ongeza. Lita zilizoingia zikiwa pungufu ya zile ulizoandika, bado kuna hewa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Morogoro: Fundi alitoa ya kwangu, mjini gari liko sawa, ila nikipanda mlima mrefu linachemsha. Rejeta ni mpya.
Jibu: Mjini injini hutoa joto kidogo, rejeta inalimudu hata ikipata sehemu tu ya maji. Mlimani, turbo ikisukuma, hapo ndipo baipasi iliyo wazi inakuumbua. Rudisha thamostati yenye visahani viwili.

Mwanachama, Mombasa: Je, nikiziba baipasi kwa plagi na kubakiza thamostati?
Jibu: Usifanye hivyo, kaka. Maji ya baipasi ndiyo yanayoipelekea thamostati habari za joto. Ukiyaziba, injini inachemka huku thamostati imezungukwa na maji baridi, imefunga. Wenye magari ya mashindano huitoa thamostati na kuiziba baipasi kwa pamoja. Kwa gari la barabarani, injini itachelewa kupata moto na kompyuta itaendelea kumwaga petroli.

Mwanachama, Mwanza: Thamostati ya 71°C itaniponya?
Jibu: Digrii hizo zinaonyesha mlango unaanza kufunguka lini tu. Rejeta ikizidiwa, joto litapita 71 na kuendelea kupanda vilevile.

Mwanachama, Kampala: Nimefuata zote. Asubuhi, kabla ya kuwasha, mpira wa juu bado mgumu kama jiwe.
Jibu: Mpira uliolala usiku kucha unatakiwa kuwa mlegevu. Fungua mfuniko ukiwa baridi, washa, tazama mdomoni. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaoingia kwenye maji. Hiyo ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe, dada. Usiendeshe hadi hedi ifunguliwe na kupimwa kama imepinda.