Umefika 40 na bado unaskeiti mtaani? Panga ubao hivi

Nina miaka 44, magoti yanalia kama mlango wenye kutu, na Jumapili asubuhi kabla magari hayajajaa bado utanipata tao, hapa Nairobi, na ubao. Vijana wananiita fathe, sawa tu. Sasa kuna watu wa rika langu, wale walioacha walipooa, wananiuliza wakirudi waanze kununua nini na wote wanafikiria ubao. Hapana, anza na magurudumu.

Yale magurudumu vijana wanapenda ni ya milimita 52, ugumu 99A au 101A (namba ikipanda ndio gurudumu gumu zaidi), na hayo ni matamu kama una sakafu laini kama ile ya uwanja wa jumba la makumbusho la MACBA kule Barcelona. Sisi tuna kabro. Kabro na lami ya kokoto. Ukipanda 101A juu ya kabro meno yanagongana, mtetemo unapanda kutoka kifundoni mpaka kiunoni, halafu kajiwe kama punje ya mahindi kanasimamisha gurudumu ghafla na wewe unaendelea na safari peke yako. Mwaka jana nilianguka hivyo nje ya jengo moja la ofisi, soja akaja mbio nikajua nafukuzwa, kumbe amekuja kuniinua. "Pole mzee, lakini hii si ni ya watoto?" Nikamwambia wangu waliikataa, ikabidi nibaki nayo. Akacheka sana, akanipa dakika kumi, zilipoisha akanifukuza kweli.

Kwa hivyo mimi siku hizi ni 54 ama 56, ugumu kama 92A hadi 95A. Usiende laini sana, hayo ya 78A ni mazuri ukienda dukani kununua maziwa lakini ukijaribu oli, yaani kuruka na ubao, yanadunda kama mpira na kuslaidi yanakataa. Gurudumu likiwa kubwa weka kile kipande cha plastiki kati ya ubao na traki (ile chuma inayoshika magurudumu), milimita 3 inatosha, la sivyo ukikata kona gurudumu linagusa ubao linajifunga breki na utajua hujui. Skrubu za inchi moja hapo zitakuwa fupi, tafuta za inchi moja na robo.

Ubao wenyewe sina mengi. Nilianza na wa inchi 7.5 niliorithi kwa mtoto wa jirani, leo sishuki chini ya 8.25 kwa sababu mguu unataka mahali pa kutua. Uwe wa mti wa mepo, tabaka saba, usiuanike jua na usiuloweshe, mbao ikinywa maji hairuki tena. Angalia tu ncha za ekseli ziwe karibu sawa na ukingo wa ubao.

Traki sasa ndio watu wanapoteza pesa bure. Wanasema traki imezeeka haikati kona, wananunua mpya, na shida ilikuwa bushi, ile mipira ya ndani ya traki. Traki zangu nimekaa nazo zaidi ya miaka kumi! Fungua nati kubwa ya katikati na spana ya 9/16, toa kila kitu ukipanga chini kwa mstari vile kilivyotoka (washa, bushi ya juu, ile chuma yenyewe, bushi ya chini, washa) ndio usirudishe kichwa chini miguu juu. Bushi ikiwa imepasuka ama imekauka kama ganda la muhogo, tupa. Weka mpya, kaza mpaka ukisimama juu na kuegemea ubao uiname bila kukutupa. Mtu mzito akaze kidogo zaidi, mimi nakaza, sitataja kilo.

Beringi usiagize ng'ambo kwanza. Ni namba 608, tundu milimita 8, ni saizi ya kawaida ya mota ndogo ndogo, kwa hivyo zunguka Kirinyaga Road uulize kwa maduka ya beringi. Zikianza kulia toa kifuniko, zioshe na spiriti, zikauke kabisa, tone moja la mafuta ya cherehani kila moja, basi. Nati ya gurudumu inaingia spana ya 13, usiikaze mpaka mwisho, gurudumu likitikiswa licheze kidogo.

Viatu ni soko la mitumba la Gikomba, uende mapema, tafuta soli bapa na ngozi ya swedi maana viatu vya kitambaa vitatobolewa na gripu, ile msasa ya juu ya ubao, kwa wiki chache. Ndani ongeza soli nene, kisigino kitakushukuru.

Halafu mwili. Dakika kumi za kuzungusha vifundo na nyonga kabla hujagusa ubao, sio hiari. Ukianguka usinyooshe mkono kuzuia, jikunje ujiviringishe kwa bega, mazoezi yake fanya kwa nyasi hata kama watu wanaangalia. Ngazi nimeachia vijana, mimi nabaki na vikuta vya chini na manjo, yaani kujisawazisha kwa magurudumu mawili tu, hapo napata raha yote bila hospitali. Na ukiambiwa umezeeka, taja Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini, alishindana Olimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 46 na akarudi Paris 2024, ama Andy Macdonald wa Uingereza aliyekuwa Paris hiyo hiyo na miaka 51. Hao ni watu wa paki, ile ya mabakuli na miteremko iliyojengwa, si wa mtaani kama sisi, lakini mwenye kukucheka hajui tofauti.

Jumapili hii najaribu 54 mpya pale pale nilipofukuzwa. Ukija njoo na spana ya 9/16, yangu mtu aliomba dakika mbili na miezi mitatu sasa sijaiona.