Jinsi ya kupiga picha pori letu kabla mvua haijakolea

Wakuu, kila anayekuja Mtwara anakimbilia ufukwe wa Msimbati kupiga picha za bahari. Sawa, bahari nzuri, ila picha zangu ninazozipenda kuliko zote nimezitoa pembeni ya barabara ya Masasi, pale ambapo abiria wote kwenye basi wamelala.

Wazungu wana machipuko yao mwezi wa tatu mpaka wa tano. Huku kusini mambo mengine kabisa, kuanzia mwezi wa tisa wa kumi hivi mvua hata tone hakuna, vumbi, mashamba yamechomwa meusi, na hapohapo miyombo, ile miti ya pori letu, inaanza kutoa majani mapya, alafu hayatoki ya kijani! Yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, kijani kinakuja baadae. Ukipita saa saba mchana utaona pori kavu tu, ndo maana watu wanalidharau.

Kwa hiyo cha kwanza ni kuwahi. Novemba jua linachomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, uwe umeshafika. Simama jua likiwa mbele yako, nyuma ya majani, najua tulifundishwa jua likae mgongoni lakini hapa sahau, jani changa ni jembamba linapitisha mwanga, linawaka utadhani koroboi. Jua lenyewe lifiche nyuma ya shina lisiingie kwenye kamera. Alafu kwenye simu gusa lile jani kwenye skrini, shikilia mpaka kamera ibaki imelenga hapo, telezesha kidole kushuka chini picha iingie giza kidogo. Mi nimepoteza msimu mzima picha zinatoka nyeupe pee kwa kutojua hicho kitu kimoja. Na usizumu, sogea kwa miguu. Kioo cha kamera futa kila saa, vumbi la huku unalijua.

Shamba lililochomwa usilipige umesimama, litakuwa jeusi tu halina maana. Tafuta kichipukizi kimoja kwenye majivu, chuchumaa, geuza simu kichwa chini ili kamera iguse karibu na ardhi, hapo kijani kile kidogo kinakuwa kikubwa kama mti. Suruali itachafuka, ndo hivyo.

Mbuyu nao. Watu wanapiga shina kila siku, ua je? Ua lake jeupe linaning'inia, linafunguka jioni na kesho yake limeshaanza kuwa la kahawia linadondoka. Angalia chini asubuhi, ukikuta maua yameanguka rudi jioni mti huohuo, piga kutokea chini kwenda juu.

Kwenye mikorosho msimu huu mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yapo, mekundu na ya njano, mazuri sana jua la asubuhi likiyapiga kwa nyuma. Ila piga hodi kwa mwenye shamba kwanza jamani! Kipindi cha korosho ukionekana na begi unazungukazunguka chini ya mikorosho ya watu hakuna atakayeamini habari za picha. Mi nilishawahi kupekuliwa, tukaishia kunywa uraka, pombe ya mabibo, na mzee mwenyewe, lakini sio wote wana roho ile.

Newala, pale Shimo la Mungu, kwenye ukingo unaotazama bonde, usiende wakati wa vumbi na moshi, bonde la Ruvuma linafifia lote. Subiri mvua ya kwanza inyeshe, nenda asubuhi yake, hewa imeoshwa unaona mbali mpaka upande wa Msumbiji. Na njiani usiyaache madimbwi kwenye ile barabara ya udongo mwekundu, inama yakupe mawingu.

Mwezi wa kwanza kila kitu kinakuwa kijani kimoja, hapo mi naweka simu mfukoni naenda palizi.