Jinsi ya kupanga oda za fanicha zisikuvuruge karakana

Hii ni kwa wenzangu wa Keko na popote hapa Dar mnaofanya fanicha za oda, kila mteja anakuja na picha yake kwenye simu. Leo kitanda, kesho kabati la ukutani, keshokutwa meza ya ofisi, na wote umewaambia wiki mbili. Mafundi wanalaumiwa bure, shida ni kila oda inaingia na mambo yake na hakuna anayeichuja.

Hatua ya 1: Tenganisha anachochagua mteja na asichokiangalia kabisa. Mteja anataka kichwa cha kitanda kama cha kwenye picha, rangi, na saizi ya godoro basi. Sasa cheki, 4 kwa 6, 5 kwa 6 na 6 kwa 6 zote urefu ni futi 6, kwa hiyo mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, inaweza kuwa ileile kwa vitanda vyote vitatu na chaga ndo zinabadilika, futi 4, 5 au 6. Chana hizo kwa mkupuo siku kazi ni chache, unene mmoja, panga stoo, oda ikija fundi anaanza na kichwa tu. Rangi iwe ya mwisho kabisa, maana wateja wanabadilisha mawazo sana kwenye rangi kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 2: Mbao isiguswe mpaka oda ikamilike kwenye karatasi: vipimo, aina ya mbao, rangi, picha, saini na advansi. Kabati la ukutani nenda kapime mwenyewe, pima juu, katikati na chini, ukuta ukipishana fuata kipimo kidogo. Pima pia ngazi na mlango kama litapita.

Hatua ya 3: Punguza oda zilizoanzwa. Hesabu yake ni rahisi na John Little, mtaalamu wa hesabu za foleni, aliithibitisha tangu 1961: gawanya oda zilizomo ndani kwa unazomaliza kwa wiki. Ukiwa na 24 na unamaliza 6, oda mpya itatoka baada ya wiki 4, hata umwapie mteja vipi. Kwa hiyo mpya isubiri kwenye karatasi, isianze kuchanwa mpaka moja itoke.

Hatua ya 4, na hapa ndo wengi tunabishana: usijaze mashine. Bosi anaona mashine ya kuchania imekaa kimya anaumia roho, lakini kama oda zinakuja ovyo na kila moja ina muda wake, hesabu za foleni zinasema mashine ikiwa bize asilimia 80 kazi inasubiri kama mara 4 ya muda wa kuichana, ikifika 90 inakuwa mara 9, 95 mara 19! Hapo umeme haujakatika bado. Acha siku moja hivi ya wiki bila ahadi ya mtu, ndo inayokuokoa.

Hatua ya 5: Acha kumwambia kila mtu wiki mbili. Kitanda cha kawaida kina siku zake, kabati la kupima nyumbani siku zake, na dizaini usiyowahi kuifanya iongezee muda na bei. Masika ongeza siku za vanishi kukauka. Tarehe ikisogea mpigie mteja siku hiyohiyo, kabla hajakodi kirikuu kuja kuchukua mzigo.