Mstari wa Biblia una majirani zake: vile mimi huisoma na kuitumia huku Mombasa

Wapendwa, habari zenu. Kuna dada mmoja kwa ushirika wetu wa nyumbani huku Kisauni aliniuliza swali wiki jana, anasema yeye husoma Biblia kila asubuhi, mstari mmoja kwa simu, anasema amina, anaweka status, anaenda kazini, na ikifika saa nne ashasahau hata ulikuwa mstari gani, sasa afanyeje. Nilicheka manake mimi mwenyewe nimekaa hivohivo miaka na miaka. Nikamwambia ntakuandikia, halafu nikaona basi niwaandikie nyote.

La kwanza, na ukishika hili pekee yake latosha, ni kwamba mstari usiusome pekee yake. Mstari una majirani. Kuna walio juu yake na walio chini yake, na ukiung'oa hapo ukaenda kuubandika kwa tuktuk unaanza kusema mambo mengine kabisa. Chukua Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu". Huo utaukuta kwa magari kuanzia Mtwapa mpaka Likoni, na mtu akiusoma anawaza tenda, anawaza ploti, anawaza interview. Sasa panda juu kidogo usome wa 11 na wa 12. Paulo anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, ajua kushiba na ajua kuona njaa, na hapo barua yenyewe aiandika akiwa kifungoni. Kwa hivo hayo "mambo yote" kukosa nako kumo ndani. Mimi tarehe tano ikifika na kodi sina, mstari huo wanisaidia zaidi sasa kuliko zamani nilipodhani ni wa kuombea gari.

Yeremia 29:11 pia ni vilevile, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, kila kadi ya graduation unao. Ile ni barua, na walioandikiwa ni watu waliochukuliwa mateka wakapelekwa Babeli, na wa 10 wawaambia kabisa kwamba itapita miaka 70 ndio warudishwe kwao, yaani wengi waliosomewa barua ile walikuwa hawatayaona hayo marejeo. Na kabla ya hapo, wa 5 mpaka wa 7, Mungu ashawapa kazi ya kufanya wakingoja: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani, oeni mzae, na mji huo mlioletwa muutakie amani muuombee, kwa sababu ukiwa na amani na nyinyi mtapata amani. Sisi wengine wazazi wetu walitoka bara wakaja kutafuta kazi bandarini, tumezaliwa hapa na bado tunaongea ati "kwetu ni Machakos", mji ukichafuka tunasema ni wao wenyewe. Nikisoma barua ile nasikia naambiwa niokote ile karatasi hapo mlangoni.

Sasa vile wafanya. Chukua sura nzima, si mstari, na usikimbie, sura moja yaweza kukaa na wewe wiki. Isome kwa sauti kama waweza, mimi huisoma kibandani asubuhi kabla wateja hawajaanza. Jiulize nani anasema, anamwambia nani, na hao watu walikuwa kwa hali gani siku hiyo. Ukishajua hayo ndio ujiulize mimi leo nifanye nini, na jibu liwe kitu ambacho mtu aweza kukuona ukikifanya. "Nitakuwa na upendo zaidi" si jibu, hiyo ni hewa. "Nitampigia ndugu yangu tuliyenuniana tangu Pasaka" hilo ni jibu. Liandike kwa daftari, mstari mmoja tu, na siku utakayolifanya.

Kuhusu Biblia yenyewe, kama ile tafsiri ya Union Version ya 1952 yakupa taabu kwa maneno yake, soma na ile tafsiri ya Habari Njema kando, si dhambi. Lakini ile Union usiitupe, manake maneno mengine ukiyapata maana yake utamu wake ni mwingine. Nitawapa mfano. Mathayo 7 inasema mbona waona kibanzi jichoni mwa ndugu yako na boriti iliyo jichoni mwako huioni. Mimi boriti nilikuwa nadhani ni kijiti tu kikubwa kidogo. Jirani yangu ni bibi wa Kiislamu, sote pale mtaani twamwita Bi Mkubwa, Kiswahili chake ni cha ndani kweli, nikamuuliza siku moja tumekaa barazani. Akanieleza kibanzi ni kile kipande kinachoruka ukipasua kuni. Na boriti, akanyosha mkono juu, akaniambia nyumba ya babake kule Mji wa Kale dari yake imebebwa na boriti za mkoko, moja unaibeba begani na ukigeuka nayo vibaya waangusha watu. Halafu akaniuliza, "Kwani hiyo ndiyo iko jichoni?" Nikamwambia ndiyo Bi Mkubwa. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Na ndivyo ilivyokusudiwa, ni kichekesho kile, na aliyekisema alijulikana kijijini kwao kama seremala. Lakini angalia jirani wa mstari huo, wa 5, hausemi nyamaza usimwambie mwenzako kitu. Unasema toa yako kwanza, ndipo utaona vizuri ukitoe cha ndugu yako. Wale wanaopenda kukujibu "usihukumu" ukiwauliza pesa ya chama imeenda wapi, hapo kwa wa 5 hawafikagi.

(Na ukiona ajabu Mkristo kuelezewa Biblia na bibi wa Kiislamu, basi jua yule mmishonari Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo hapahapa Mombasa 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi. Mwaka huohuo mkewe alifariki, na kaburi lake liko upande wa Nyali mpaka leo.)

Sasa niwaambie iliyonichoma mimi. Nauza nafaka, maharagwe, pojo, mchele kidogo. Gorogoro, ile mikebe ya kupimia nafaka, mnazijua, na mnajua vile zinauzwa zikiwa zishagongwa kitako kikaingia ndani, ukijaza inaonekana imejaa na juu umeweka kilima, kumbe chini kuna shimo la kinyumenyume. Mimi nilikuwa nazo mbili. Nzima ya wateja wangu wa kila siku, na ile iliyogongwa ya wapita njia. Na nilikuwa najiona mtu wa haki kabisa manake wangu nawapimia sawa! Mithali 11:1 nilikuwa naijua kwa kichwa, mizani ya hadaa ni chukizo, ikawa hainigusi, kwani mimi nina mizani? Mimi nina mkebe.

Iliyonishika ni Walawi 19. Wa 35 na wa 36 ni za vipimo, usidanganye kwa uzani wala kwa kipimo. Nikakumbuka mambo ya majirani, nikapanda juu, wa 33 na wa 34, na hapo ni habari ya mgeni: mgeni akikaa kwenu usimdhulumu, awe kama mzalia, umpende kama nafsi yako. Yaani vimekaa pamoja, mgeni halafu mizani. Nikaangalia ile gorogoro yangu ya wapita njia, nikasikia joto la masikio. Ni nani huibiwa sokoni kama si yule ambaye hatarudi kukudai?

Niliitoa. Bei ikabidi niongeze shilingi kumi kwa kipimo, na sitawadanganya, kuna wateja waliohama wakaenda kibanda cha pili ambako ni rahisi, na hawajarudi. Ukianza kuitumia Biblia kwa biashara, piga hesabu hiyo mapema. Usije ukadhani lazima mauzo yapande wiki hiyohiyo, hakuna mahali imeandikwa hivyo.

Hapo mtu ataniuliza, kwa hivo tunaokolewa kwa gorogoro? La. Waefeso 2:8 na 9 ziko wazi, ni kwa neema, kwa njia ya imani, ni zawadi, si kwa matendo mtu asije akajisifu. Lakini (mshanijua sasa) soma wa 10. Tuliumbwa katika Kristo tutende matendo mema ambayo Mungu aliyatengeneza tangu zamani tuenende nayo. Wa 8 na wa 9 twafundishwa na watoto Sunday school wazijua, wa 10 ameachwa pekee yake kama nyumba ya mwisho mtaani. Imani ndiyo mzizi, matendo ndiyo embe, huwezi kufunga embe kwa kamba juu ya mti mkavu ukasema umezaa.

Na usianze na mambo makubwa. Yakobo 2 wamkuta mtu hana nguo wala chakula cha siku, na ndugu amwambia nenda kwa amani ukaote moto ushibe, asimpe kitu. Siku hizi twamtumia emoji ya mikono. Kama una mia mbili, tuma mia mbili, halafu ndio uandike "nakuombea".

Daftari langu la wiki hii liko kwa Warumi 12, ule wa 18, kwa upande wenu mkae kwa amani na watu wote. Nimeandika: Jumatano, rudisha sufuria ya Bi Mkubwa iliyokuja na mahamri, na usirudishe tupu.