Mzee akikaribia mwisho: namna ya kukubaliana mapema kuhusu matibabu yake, awe makazi ya wazee au nyumbani

Hii nawaandikia wenye mzee pale makazi ya wazee Ipuli hapa Tabora, na nyie mnaolea bibi au babu nyumbani huko Isevya, Cheyo, Ng'ambo, popote. Kwetu maamuzi mazito ya mgonjwa yanafanyika saa nane usiku kwa simu, na anayeamua ni mtu yuko Dar, hajamuona mzee mwaka mzima, anasema mpelekeni hospitali ya rufaa Bugando, Mwanza, sasa hivi natuma hela. Basi mzee anapakiwa kwenye gari, safari ya Mwanza inaanza, na saa ingine hata Nzega hamjafika keshakata roho peke yake siti ya nyuma. Hakuna mbaya hapo, ni kwamba hakuna aliyemuuliza mzee wakati bado anaongea.

Kwa hiyo anza na yeye mwenyewe. Asubuhi ndo nzuri, ameshakunywa uji, kichwa kimetulia. Shikamoo, kaa chini, piga stori kwanza. Usimuulize anataka kufa vipi, hata wewe ungemfukuza mtu. Sema hivi: babu, siku hizi kinachokusumbua zaidi ni nini? Hali ikizidi tukupeleke hospitali ya Kitete tena au tubaki na wewe hapa hapa? Ukishindwa kuongea nani akusemee? Alafu nyamaza. Akijibu "mimi niacheni nipumzike" wengi tunarukia usiseme hivyo babu utapona, na hapo ndo tumemfunga mdomo. Mi naona wazee wako tayari kwa haya maongezi kuliko watoto wao, tena wengine wanacheka.

Hakikisha anaelewa, mwambie akurudishie kwa maneno yake. Kama anachanganya mambo ghafla na juzi alikuwa vizuri, mpimeni kwanza malaria na mkojo, akitibiwa akili inaweza kurudi mkamuuliza tena. Majibu yaandikwe kwenye daftari: tarehe, alivyosema yeye, waliokuwepo, aweke saini au dole gumba. Ana haki ya kubadili mawazo, mkiandika upya hamna shida. Marekani tangu sheria ya mwaka 1990 nyumba za wazee zinazopokea pesa za bima za serikali lazima zimuulize mtu anapoingia kama ana maagizo yake ya matibabu kwa maandishi, sisi tunaenda kwa mdomo zaidi, ndo maana daftari lina kazi. Mambo ya shamba na nyumba usiyachanganye humo, huo ni wosia, unaandikwa kivyake na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanasaidia kuuandika na kuutunza.

Msemaji awe mmoja. Si lazima kifungua mimba, awe yule anayemjua mzee na anayeweza kusimama mbele ya shangazi bila kutetereka. Wa makazini wengi hawana ndugu kabisa, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 yenyewe inasema malezi ni ya familia na makazi ni hatua ya mwisho, kwa hiyo hapo anayesema ni mlezi pamoja na afisa ustawi wa jamii, na mi ningeongeza yule mzee wanayelala naye chumba kimoja maana yeye ndo anasikia anavyolalamika usiku.

Alafu daktari. Mkae naye, wa mbali wawekwe kwenye spika ya simu, muulizeni: huu ugonjwa unapona au tunatuliza? Tukienda rufaa atapata kipi ambacho hapa hakipo? Moyo ukisimama, mkimbonyeza kifua ataamka kweli? Kwa mzee aliyedhoofika sana jibu mara nyingi ni hapana, na mbavu zinaweza kuvunjika. Wote wasikie kwa masikio yao, sababu msipoelewa ugonjwa, baada ya msiba linaanza swali la nani kamloga, na huku kwetu tunajua bibi vikongwe wasio na kosa wamefanywa nini kwa maneno hayo.

Kumwacha abaki si kumtelekeza. Ulizia tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu kwa mgonjwa asiyepona. Morfini ya maji inanywewa, kawaida kila baada ya saa nne, na inaendana na dawa ya kulainisha choo maana inafunga tumbo. Watu wanaiogopa eti ndo inaua, hapana, ikipimwa na daktari inatuliza maumivu na hata pumzi inayobana. Kumpa dozi kubwa makusudi ili aondoke haraka hiyo ni jinai, usithubutu, ila kuacha dripu isiyosaidia ni uamuzi mnaoweza kufikia na daktari.

Chakula ndo kinagombanisha zaidi. Mwili unaozimika hauhitaji chakula kama zamani, hafi kwa sababu amekataa kula, amekataa kula kwa sababu anakufa. Ukimlazimisha ugali au uji unaweza kwenda kwenye mapafu. Mlowanishie midomo kwa kitambaa safi chenye maji, mgeuze kila baada ya saa mbili vidonda visianze, akianza kukoroma kooni mlaze ubavu.

Dini na kaburi viulizwe mapema pia. Mwislamu atataka mtu wa kumtamkisha shahada, Mkatoliki atataka padri kwa ajili ya mpako wa wagonjwa, na padri akiitwa wakati mzee hajitambui tena mmemnyima nafasi ya kuongea naye. Kama kwao ni Kasulu na anataka kuzikwa huko mwambieni ukweli wa gharama, wengine wakisikia wanasema nizikeni hapa hapa.

Akishafariki, kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, cheti kitahitajika kwenye mirathi. Na morfini iliyobaki irudishwe hospitali hata kama chupa bado nusu, msimpe jirani mwenye mgongo.