Nenda na jina: namna ya kutembelea kumbukumbu za wanajeshi, polisi na mbwa wao Washington

Wageni kutoka nyumbani Tanzania wakifika kwangu Silver Spring, nje kidogo ya Washington, wakishalala usiku mmoja huuliza Ikulu iko wapi. Nawapeleka, wanapiga picha penye uzio, yanaisha. Siku ninayoipanga kwa makini ni ile ya kumbukumbu za askari: asubuhi ukuta wa polisi, mchana Stubby, mbwa wa vita aliyehifadhiwa ndani ya makumbusho, na jua likishapungua ukali, ukuta wa Vietnam, wenye majina ya Wamarekani waliofia vita vya huko. Kote huko hakuna kiingilio, na mtu mzima mwenye magoti yanayouma anamudu kwa siku moja akipangiwa vizuri. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi.

Usiku wa kuamkia

Kazi ya kwanza hufanyika sebuleni usiku wa kuamkia safari, nayo ni kutafuta jina. Ukuta wa Vietnam una majina zaidi ya 58,000. Wa polisi una zaidi ya 24,000. Anayekwenda bila jina huona jiwe refu, akapiga picha, akauliza tutakula wapi. Anayekwenda na jina moja tu hutembea akisoma, akihesabu mistari, akimuuliza mwenzake "umeliona?", na akilipata hunyamaza mwenyewe bila kuambiwa. Nina shemeji asiyeweza kutulia hata kwenye khitma, lakini pale alisimama mbele ya kibao kimoja mpaka watoto wakamvuta shati.

Mfuko wa ukumbusho wa Vietnam na ule wa polisi wote wana orodha kwenye tovuti zao. Unaandika jina, au unatafuta kwa jimbo, unapewa namba ya kibao na namba ya mstari. Herufi E ni upande wa mashariki, W ni magharibi. Iandike kwenye karatasi, kwa kalamu. Simu huishiwa chaji mchana kwa sababu ya hizo picha.

Kama huna ndugu wala jirani aliyefia vitani, chagua. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo jina langu la kwanza daima ni Sharon Lane, luteni na muuguzi wa jeshi kutoka Ohio. Aliuawa tarehe 8 Juni 1969 roketi ilipopiga hospitali ya Chu Lai, akiwa zamu kwenye wodi ya wagonjwa wa Kivietnam. Ukutani kuna wanawake 8, wote wauguzi, na ni yeye peke yake aliyeuawa moja kwa moja na shambulio la adui. Vijana nawapa Dan Bullock, aliyebadilisha tarehe kwenye cheti chake cha kuzaliwa ili aingie jeshini, akauawa tarehe 7 Juni 1969 akiwa na miaka 15. Mpe kijana wa miaka 15 jina hilo halafu umwangalie uso. Wote wawili wako kibao cha 23W, kwa kuwa majina yamepangwa kwa tarehe mtu alipofikwa na maafa, nao walipishana siku moja. Vyeo havikuandikwa. Afisa na kuruta wana herufi za ukubwa ule ule.

Jina la tatu ni Robert Hartsock, mzaliwa wa Cumberland, huku huku kwetu Maryland. Huyu alikuwa askari wa mbwa wa doria, aliuawa Februari 1969, na ndiye askari wa mbwa pekee wa vita vile aliyepewa Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya Marekani. Nitamrudia, maana yeye ndiye mlango wa kuwafikia mbwa.

Asubuhi: polisi

Panda treni ya Laini Nyekundu, shuka Judiciary Square, tokea mlango wa F Street. Ngazi za umeme zinakutoa katikati kabisa ya ukumbusho wenyewe. Wageni huwa hawajajua kuwa wamefika. Kulia na kushoto kuna kuta mbili za marumaru zilizopinda, si ndefu kwenda juu, chini ya miti. Zilizinduliwa tarehe 15 Oktoba 1991 na Rais George H. W. Bush.

Hapa karatasi yako ndiyo itakayokuokoa. Majina hayafuati alfabeti wala mwaka. Yametawanywa makusudi ili mapya yaingizwe kila mwaka katikati ya ya zamani, hivyo polisi wa juzi anaweza kuwa jirani wa aliyekufa enzi za farasi. Ukiwa umesahau karatasi nyumbani, yapo madaftari ya majina hapo hapo. Fungua, tafuta, usione haya kuchukua muda.

Wageni wetu watakuuliza simba wamefikaje Washington. Kwenye miingilio ya njia za kuta wamekaa simba wa shaba, madume na majike, wakiangalia watoto wao. Aliyewatengeneza ni Raymond Kaskey. Chini ya mmojawapo kuna maneno ya Mithali, kwamba mwenye haki ni jasiri kama simba. Watoto wanataka kuwapanda. Usiwaruhusu, ingawa wa wenzako utawaona juu.

Kuhusu tarehe: mwaka 1962 Rais Kennedy aliitangaza tarehe 15 Mei kuwa siku ya kuwakumbuka polisi waliokufa kazini, na wiki yake yote mji hujaa sare za kila rangi. Usiku wa tarehe 13 huwashwa mishumaa na kusomwa majina mapya. Mimi nasema nenda wiki hiyo mara moja katika maisha yako, ila si pamoja na bibi wa miaka 80, maana hakuna pa kukaa. Wiki hiyo chini ya kuta utakuta kofia, beji za mabega, barua na picha za harusi. Soma kwa macho. Hata karatasi ikipeperushwa na upepo, mwite mhusika airudishe mwenyewe.

Kwa asiye na jina la polisi, chukua mmoja wa waliokufa kwenye mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001. Siku ile walikufa polisi na maafisa wa usalama 72, na 37 kati yao walikuwa wa Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey. Mamlaka hiyo ilipoteza pia mbwa, Sirius, labrado wa rangi ya manjano aliyefunzwa kunusa mabomu. Mlezi wake, David Lim, alimwacha bandani chini ya mnara wa kusini wa World Trade Center akapanda kwenda kusaidia watu; yeye alipona, mbwa hakupona. Mabaki ya Sirius yalitolewa kwenye kifusi Januari 2002. Ninapowasimulia wageni habari hii, hapo ndipo hufika swali: kwani mbwa naye ameandikwa?

Mchana: mbwa

Ukutani, hapana. Kuta hizo ni za watu. Mbwa wanatafutwa kwa njia nyingine.

Niseme kwa nini najali. Marehemu baba yangu alikuwa polisi, Kikosi cha Mbwa na Farasi. Sisi ni watu wa Tanga, na mama alikuwa hataki utani na najisi: baba akirudi kazini alipitia mlango wa uani, sare inavuliwa huko, anaoga, ndipo anaingia ndani akiwa mume wa mtu. Lakini mbwa wake alipokufa, mama ndiye aliyetuambia tusipige kelele, baba yenu kafiwa. Basi nikifika Washington na watu wangu siwezi kuwapita mbwa.

Kutoka Judiciary Square panda tena Laini Nyekundu hadi Metro Center, badilisha hadi Federal Triangle, utembee kidogo kwenda Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani. Hufunguliwa saa 4 asubuhi. Panda ghorofa ya tatu, upande wa mashariki, kwenye maonyesho ya vita. Huko kwenye kabati la kioo yumo Stubby mwenyewe, ngozi yake ileile. Alikuwa mbwa asiye na mwenyewe aliyezurura kambi ya mafunzo New Haven mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia; askari Robert Conroy akamficha melini akaenda naye Ufaransa na Kikosi cha 102. Alijifunza kunusa gesi ya sumu kabla ya watu na kuwafikia majeruhi kati ya mahandaki. Alikufa 1926. Muonyeshe mgeni koti lake lililojaa medali, na karibu naye Cher Ami, njiwa aliyepeleka barua vita vile vile. Usikae sana ghorofa nyingine, ni kubwa mno, wazee watachoka kabla ya ukuta.

Wakati mnakula, simulia Vietnam. Marekani ilitumia huko mbwa wapatao 4,000, wa doria, wa kulinda kambi, wa kunusa mitego. Kwa hesabu za jeshi walikuwa vifaa, na vita vilipokwisha wengi sana waliachwa au kuuawa. Waliorudi ni wachache. Askari waliokuwa wakilala nao mahandakini hawajasahau mpaka leo. Sheria ya kuruhusu mbwa wa jeshi waliostaafu kuchukuliwa na familia ilipitishwa mwaka 2000. Mnara wa taifa wa mbwa hao na askari wao hauko Washington. Uko kambi ya Lackland, San Antonio, Texas, tangu Oktoba 2013. Na kisiwani Guam, Bahari ya Pasifiki, kuna makaburi ya mbwa 25 wa kikosi cha wanamaji wa Marekani waliokufa 1944, na sanamu ya doberman amelala macho wazi. Mwenye ndugu London ana bahati: pale Park Lane, pembeni ya Hyde Park, upo ukumbusho wa wanyama wote waliotumiwa vitani, nyumbu na farasi na ngamia na mbwa, na maandishi yake yanakiri kwamba hawakuwa na hiari.

Sasa adabu ya mbwa walio hai, kwa sababu mtakutana nao. Wapo wa aina mbili. Mbwa wa polisi au jeshi yuko kazini na mwenye kamba yake: usimwite, usimpigie mluzi, usimpe chapati. Mbwa msaidizi mara nyingi huvaa kikoti, na hapa huenda yuko na askari mstaafu wa vita. Huyu anaweza kuwa anamsaidia mtu asiyeona, au anayeshtuka usiku kwa sababu ya vita. Sheria inamruhusu kuingia karibu kila mahali, hivyo hata kwenye treni atakaa jirani yako. Ukitaka kusema, sema na mtu, umsalimie, mbwa muache. Kwa wazee wetu wanaochunga udhu, simameni upande wenye nafasi na mgeni wako awe kwa ndani. Wenye mbwa ni waelewa, ukiashiria kwa mkono tu watavuta kamba.

Alasiri: ukuta

Kutoka makumbusho fuata Constitution Avenue kuelekea magharibi. Kwa miguu ya wazee hesabu nusu saa na zaidi, au ita gari liwashushe karibu na Henry Bacon Drive.

Ukuta ulizinduliwa tarehe 13 Novemba 1982. Aliyeubuni, Maya Lin, alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 chuoni Yale. Mchoro wake ulishinda kati ya 1,421. Ni mbawa mbili za jiwe jeusi linalong'aa, kila moja kama mita 75, moja ikielekeza kwenye mnara wa Washington na nyingine kwenye ukumbusho wa Lincoln. Njia inateremka taratibu, na majina yanapanda mpaka yamekuzidi kimo.

Watu hupotea hapa kwa sababu orodha haianzii mwanzo wa njia. Inaanzia katikati, penye kona, mwaka 1959, inakwenda kulia hadi mwisho wa mbawa, kisha inaendelea kutoka ncha ya kushoto kurudi kwenye kona, mwaka 1975. Kwa hiyo wa kwanza na wa mwisho wamekutana. Vibao vina namba chini. Pembeni mwa baadhi ya vibao kuna vinukta kila baada ya mistari kumi. Vitumie kuhesabia, macho yasichoke. Alama ya almasi kando ya jina ni mtu aliyethibitishwa kufa, msalaba ni aliyekuwa hajulikani alipo. Mabaki yakitambuliwa, msalaba huchongewa almasi juu yake.

Mkilipata jina la Hartsock, waambie wageni kwamba mbwa hawakuandikwa hapa pia, ila hapo alipo, mbwa wake yupo. Ni hivyo tu tunavyoweza.

Kuchukua jina kwa karatasi: watu wa kujitolea na askari wa hifadhi wanatoa karatasi na penseli bure, waonyeshe tu namba yako. Mtu mmoja abane karatasi pande mbili, mwingine alaze penseli ubavu, asugue polepole kwenda upande mmoja. Ukitumia ncha karatasi inachanika. Jina likiwa juu sana wao wenyewe wana ngazi. Msimbebe mtoto begani, mtaletewa.

Mgeni anaweza kuacha kitu: barua, picha, kofia. Wahifadhi hukusanya kila siku na kuhifadhi, isipokuwa maua na bendera. Shangazi yangu aliacha kanga ndogo aliyoikata pindo, kwa ajili ya Sharon Lane, na sikumuuliza.

Watakuuliza mbona kwetu hakuna. Wajibu kuwa makaburi ya Kaboya, Kagera, na Naliendele, Mtwara, yapo, na kila tarehe 25 Julai tunaweka mkuki na ngao. Ila ile Sanamu ya Askari pale Samora, Dar es Salaam, iliyosimama tangu 1927, haina hata jina moja la askari wala la mpagazi. Ubishi wake mtaumalizia kwenye treni.

Karatasi isikunjwe. Iviringishe kwenye bomba la boksi, na mgeni akipanda ndege iende begi la mkononi. Risasi ya penseli hufutika ikisuguliwa na nguo.